Namna ya Kuingia Chumbani kwa Bibi Estera

Vijana wa kikundi chetu cha WhatsApp, mmenisumbua tangu nilipostaafu. Mama Eli tuandikie, Mama Eli usituache hivihivi. Haya, naandika. Msitarajie habari za vyeo, maana niliingia nikiwa mhudumu wa wazee na nimetoka nikiwa mhudumu wa wazee. Mshahara nao mnaujua wenyewe, tusiharibiane siku. Nitaandika kuhusu kazi, na hasa kuhusu akina bibi wawili wa ghorofa ya tatu ya nyumba yetu ya wazee, ambao sasa wote ni marehemu. Nyinyi mnaofanya kazi pale mnaita "hodi" kwenye milango ya ghorofa ile, Mfilipino kwa Mjamaika, na wengi mnadhani ni utani wangu tu wa Kitanzania. Si utani.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya baridi kali. Nilitoka mtaani kwetu Flemingdon Park bado giza, nikapanda basi la Don Mills, kisha treni, kisha basi jingine, na nilipofika nilikuwa sizisikii pua wala masikio. Nikapokewa na Wanjiru, nesi wa Nyeri, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kamanda. Hakuniuliza safari ilikuwaje. Alitazama viatu vyangu, akatazama kucha zangu, kisha akanipeleka kwenye mashine ya kuinulia wagonjwa.

"Lala hapa," akasema, akinionyesha kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inia.

"Mimi?"

"Kwani ni nani mwingine ako hapa? Lala. Hutainua mtu na kitu haijakuinua wewe."

Akaninyanyua mpaka miguu ikaning'inia, akaniacha huko juu kama gunia la mkaa kwenye mzani, huku yeye anakunywa chai. Niliona aibu, kisha nikaona hofu, kisha nikaelewa. Tangu siku ile sijawahi kumwinua mzee bila kumshika mkono na kumweleza kila kinachofuata. Kama mna mwanafunzi mpya, mwinueni. Atalalamika, lakini atajifunza.

Wanjiru alikuwa na sheria zake. Usikimbie kwenye korido, kwa sababu wazee wakikuona unakimbia wanadhani kuna moto. Maji ya kuogea yapime kwa ndani ya kiwiko, si kwa vidole, vidole vya mfanyakazi vimeshazoea moto. Taulo liwe limepashwa joto kabla mzee hajavua nguo. Na mlango ugongwe. "Always," alisema, akinigongea meza kunionyesha. "Hata kama mzee ni kiziwi, hata kama analala mdomo wazi, gonga. Hiki chumba ndio nyumba yake. Wewe ni mgeni." Nilimpenda kwa sheria ile. Nilitoka kwa watu wanaojua heshima ya mlango, ila sisi kule tunapiga hodi kwa sauti. Nikajifunza kugonga, nikagonga miaka mingi bila kufikiri.

Bibi Halina nilimkuta pale. Alikuwa Mpolandi, mrefu, mwenye nywele nyeupe alizozisuka mwenyewe na kuzizungusha kichwani, na kigari cha kutembelea alichokisukuma kwa hasira kana kwamba ndicho kilichomzeesha. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumla Kiingereza chake. Hiyo mtaiona sana: lugha aliyojifunza mtu ukubwani huondoka kwanza, zinabaki zile za utotoni. Asubuhi moja nilikuwa natandika kitanda chake huku nimebana simu begani, namgombeza mwanangu Eli aamke aende shule. Eli ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nilipokata simu nikasikia nyuma yangu:

"Wewe! Lete chai!"

Niligeuka nikitafuta Mswahili mwingine chumbani. Hakuwepo. Alikuwepo Bibi Halina peke yake, ameketi kwenye kiti chake, na mwenyewe ameshangaa kuliko mimi.

"Bibi, umesema nini?"

"Chai," akasema. "Chai, na sukari. Mimi mtoto Tengeru."

Nikakaa kitandani, jambo ambalo Wanjiru angenikatia kichwa. Mimi nimezaliwa Meru, na Tengeru tulikuwa tunaenda kwa miguu siku za soko. Tulipokuwa watoto tuliyajua makaburi ya Wapolandi, na bibi yangu mzaa mama alitusimulia jinsi walivyoletwa wakati wa vita, akina mama na watoto wengi, wamekonda, wengine hawana nywele. Walijengewa vijumba vya duara, na wanawake wa kwetu wakawapelekea ndizi na maziwa. Bibi alisema watoto wale walikula ndizi na maganda, mpaka mtu akawaonyesha. Nilikuwa nadhani anatia chumvi.

"Kweli," Bibi Halina akaniambia nilipomsimulia. "Mimi pia nakula ganda."

Taratibu, siku moja kwa nyingine, akanisimulia kwa Kiswahili chake cha kitoto. Askari wa Urusi waliwachukua alfajiri kutoka kijijini kwao, yeye na mama yake na mdogo wake, wakasafirishwa kwenye mabehewa ya mizigo mpaka Siberia. Baba alikuwa ameshachukuliwa kabla. Mdogo wake alikufa kule kwenye theluji. Waliobaki wawili walizunguka dunia kwa treni na meli mpaka wakajikuta chini ya Mlima Meru, na huko malaria ikamchukua mama. Nilipokwenda likizo nilipitia makaburini, nikalipata jina la mama yake, nikang'oa majani, nikampigia picha. Bibi Halina aliibusu ile picha, kisha akanigombeza kwamba maua niliyoweka ni machache.

Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu: lete, ondoa, haraka. Alikuwa amekiokota kwa wakubwa waliowaamrisha wapishi. Nikamwambia, bibi, sisi tunasema "naomba". Akafikiri, kisha akasema, "Naomba lete chai, haraka." Tukaishia hapo, na chai nikaleta.

Bibi Estera aliletwa mwaka uliofuata, akawekwa chumba cha tatu kutoka cha Halina. Alikuwa Myahudi, mdogo wa umbo, mkimya, mwenye macho ya mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mpwa wa marehemu mumewe huko Montreal, kijana mwema aliyepiga simu kila juma. Mpwa huyo ndiye aliyetuambia kwamba shangazi yake alizaliwa Poland, alifichwa na watu wakati wa vita, familia yake yote iliuawa na Wanazi, na zaidi ya hapo hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe. Kiingereza chake kilikuwa kimekwisha kabisa. Alisema maneno machache ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Alikuwa anaficha mkate kwenye foronya. Mkikuta mkate kwa mzee wa namna hii, msiutupe mbele yake, na msimwambie kwamba mkate upo mwingi jikoni. Anajua. Sisi tulibadilisha kimyakimya, tunatoa mkavu, tunaweka wa leo, tunaupapasa mto mbele yake aone umo. Panya hatukuwahi kuwaona.

Kwa kuwa wote wawili walijua Kipolandi, Wanjiru aliwakalisha meza moja. Tulidhani tumefanya jambo la maana sana. Halina alijipaka mafuta ya midomo, akasalimia kwa Kipolandi. Estera aliposikia lugha ile alinyamaza kama redio iliyozimwa, kisha akageuza kiti chake kikatazama ukuta, na chakula hakukigusa. Tukajaribu tena kesho yake, ikawa vilevile. Bibi Halina aliumia.

"Yule mama hapendi mimi," akaniambia. "Basi. Mimi pia hapana penda yeye."

Kisha yakaanza matatizo ya kuoga. Kuoga kunahitaji watu wawili. Mmoja anakuwa chumbani anamwandaa mzee, wa pili anakuja na kiti cha bafuni, anagonga, anaingia. Mlango ulipogongwa tu, Bibi Estera alimrukia yule aliyekuwa naye chumbani, akamng'ang'ania mikono kwa kucha, huku analia maneno yaleyale mara kwa mara. Alikuwa na nguvu sijui alizitoa wapi. Mimi alinichubua mkono wa kushoto mpaka leo kuna alama. Mwenzetu mmoja alishonwa. Tulibadilisha kila kitu: saa, sabuni, beseni badala ya bafu, pazia la rangi nyingine. Tulijua habari za vita na mabafu, jinsi Wanazi walivyowaua Wayahudi kwa gesi kwenye vyumba walivyodai ni vya kuogea; kila mmoja wetu aliwaza hilo, hata daktari. Haikusaidia kitu.

Daktari alikuwa mpole, msimlaumu. Alikuwa na wafanyakazi waliojeruhiwa na mgonjwa anayeteseka, na dawa alizojaribu zilimfanya Estera aanguke. Akaitisha kikao, akasema hana njia nyingine: juma lijalo mama huyu ahamishiwe hospitali yenye wodi ya milango ya kufuli. Mpwa alilia kwenye simu, akakubali shingo upande. Mimi nimeshaiona wodi ile. Wahudumu wake si watu wabaya, lakini mtu kama Bibi Estera akiingia kule, asiye na lugha, atalazwa kwa dawa mpaka afe, na atakufa anadhani Wanazi wamempata.

Nikatoka kikaoni moja kwa moja mpaka kwa Bibi Halina.

"Bibi, naomba. Kesho tunamwogesha yule mama. Njoo usikilize anasema nini."

"Yeye hataki sauti yangu."

"Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Akageuza uso dirishani. Nilijua namwomba nini: aende akanyanyapaliwe tena, mbele za watu. "Naomba," nikarudia.

"Sasa unajua kuomba," akasema, akavuta kigari chake.

Kesho yake akaketi nje ya chumba cha Estera, pembeni, asionekane. Mimi nilikuwa ndani. Wanjiru mwenyewe ndiye aliyekuja na kiti cha bafuni. Akagonga. Estera akanirukia, akanishika mikono yote miwili, akalia yale maneno, na mimi nikasimama tu nikamwacha anishike. Mlango ulikuwa wazi kidogo na nilimwona Halina. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Estera alipotulia nikatoka. Daktari naye alikuwa amekuja. Tukasimama koridoni, na hapo ndipo ilipofanyika tafsiri ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuziona katika mji huu wa lugha nyingi: Mpolandi ananiambia kwa Kiswahili, mimi namwambia daktari kwa Kiingereza.

"Yeye nasema, usifungue," Halina akasema. "Shangazi, usifungue. Nasema, shangazi, hao wamekuja, usiende, mimi nitatoka, wewe usifungue."

"Shangazi ni nani?"

"Mimi sijui. Lakini yeye hapana ogopa maji. Yeye naogopa mlango. Na hapana ogopa kwa yeye mwenyewe. Naogopa kwa wewe."

Nilitazama mkono wangu uliochubuka. Nikawaza juu ya wote aliowaumiza, na ni kweli, hakuwahi hata mara moja kumgusa anayeingia. Alimshika aliye naye ndani. Alimshika asiende mlangoni. Tuliandika kwamba mama huyu anashambulia wahudumu, kumbe muda wote alikuwa anatuokoa. Nililia palepale, na Wanjiru akanipa kitambaa chake.

Kisha akautazama ule mlango. "Na ni mimi nimewafundisha nyote kugonga," akasema.

"Tengeru hapana gonga," Bibi Halina akasema. "Mtu nasimama mbali. Nasema hodi. Sauti kwanza, halafu mtu. Wewe najua ni nani."

Daktari akauliza tumesema nini. Nikamweleza. Akakubali kuahirisha uhamisho, akasema tujaribu. Wanjiru, aliyekuwa mtu wa sheria kuliko jaji, alitoa amri siku ileile: ghorofa ya tatu hakuna kugonga. Unasimama hatua chache kabla ya mlango, unasema hodi, unasema jina lako, unangoja. Wengine walicheka. Mfilipino wetu mmoja aliimba "hodi" kama anayenadi samaki. Lakini siku ya kwanza tulipofanya hivyo Bibi Estera aligeuza kichwa, akasikiliza sauti, akamtambua mtu, na hakumshika yeyote. Akaoga. Nilimfunika kwa taulo la moto, akafumba macho, nikaona mabega yake yanashuka. Sikuwa najua kwamba kabla ya hapo hayajawahi kushuka.

Ile habari ya kuhamishwa ikafa yenyewe. Halina naye alianza kuja kwa Estera kila siku baada ya chakula cha mchana. Anasema hodi, kisha anakaa, hasemi kitu. Alishona, vibaya, macho yalikuwa yamekwisha. Majuma yakapita. Siku moja nikiwa napanga nguo kabatini Estera akaongea, pole pole, kwa Kipolandi, akimtazama Halina usoni. Aliongea muda mrefu. Halina akanigeukia.

"Yeye nasema, shangazi ni mjane wa kijijini. Si ndugu. Naficha yeye chini ya sakafu ya jiko. Jirani nasema kwa Wajerumani. Wajerumani nagonga. Shangazi kwanza navuta gunia la viazi juu ya mfuniko wa shimo, halafu nafungua. Wao naua yeye nje. Estera nasikia yote, chini." Akapumua. "Yeye nasema, mtu alinificha, yule nasema Kipolandi. Na mtu alituuza, yule pia nasema Kipolandi. Yeye nauliza mimi, wewe ni yupi."

Nikafunga kabati. "Ukamjibu nini, bibi?"

"Nimesema, sijui. Mimi mtoto tu, walinichukua. Hakuna mtu aliniuliza."

Bibi Estera alifikiri juu ya jibu lile. Kisha akaingiza mkono kwenye foronya, akatoa kipande cha mkate, akakimega, akampa Halina nusu. Kilikuwa cha jana na kigumu, na Halina alikuwa na meno ya bandia yasiyomkaa sawa, lakini alikila chote, mpaka na makombo ya kwenye sketi aliyaokota. Mtu aliyepita Siberia hahitaji kuelezwa mkate ule ni nini. Tangu hapo wakawa wanakula meza moja, na mara nyingi walishikana mikono huku wananung'unikia supu.

Jambo la mwisho ninalotaka kuwaandikia lilitokea kabla tu ya majira ya baridi. Alikuja fundi wa madirisha, mgeni, hakuna aliyemweleza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda cha Bibi Estera natandika. Bibi Estera mwenyewe ameketi ukingoni mwa kitanda, na Bibi Halina kwenye kiti kilicho kati yake na mlango. Fundi akagonga kwa kitu cha chuma, kwa nguvu.

Estera akamdaka Halina kifundo cha mkono. Maneno yale nilikuwa nimeshayajua kwa sauti yake, usifungue, usifungue. Halina akaweka mkono wake wa pili juu ya mkono wa Estera, akamwambia kitu kwa Kipolandi, taratibu, kisha tena. Fundi akagonga mara ya pili. Nikaanza kwenda mlangoni nimwambie asubiri.

"Mama Eli," Halina akasema. "Kaa."

Nikakaa kitandani. Tukanyamaza wote watatu. Fundi akagonga tena, akangoja, akaguna, tukasikia anaondoka na ngazi yake. Dirisha lile halikutengenezwa mpaka juma lililofuata, na Wanjiru alinisema kwa hilo mbele ya watu. Estera aliuachia mkono wa Halina kidole kimoja kimoja. Alimtazama usoni kama mtu anayehakikisha kwamba mwenzake ni mzima, akagusa shavu lake, kisha akaegemea mto na usingizi ukamchukua.

Mkono wa Halina ulikuwa unatoka damu kidogo. Nilileta maji na pamba, nikapiga magoti kuusafisha, ndipo nikaona kwamba analia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata kwa picha ya kaburi la mama yake.

"Umemwambia nini, bibi?"

"Nimesema, sifungui. Mimi niko hapa na wewe, sifungui."

Nikaendelea kusafisha. Yeye akaendelea kuutazama mlango.

"Ile asubuhi askari nagonga, nyumbani kwetu," akasema. "Mama nasema, Halina, usifungue. Lakini mimi nadhani baba amerudi. Mimi nakimbia." Akanigeukia. "Mama Eli, ni mimi nilifungua."

Miaka yote ile alikuwa ameibeba siri hii peke yake, na mtoto mwenyewe alikuwa hata meno ya mbele hayajaota yote. Nilitaka kumwambia kwamba wangevunja mlango, kwamba hakuna kosa la mtoto hapo, maneno yote tunayofundishwa kuwaambia wazee. Nikayaona hayatoshi. Nikamfunga kitambaa mkononi, nikabaki nimemshika.

"Leo hukufungua, bibi," nikamwambia.

Alimtazama Estera aliyelala.

"Leo hapana," akasema.